UCHAMBUZI: Homoni ya maabara yauzwa intanetini huku kipimo cha tezi kikisalia adimu mitaani

KICHUPA chenyewe ni kifupi kuliko kidole gumba. Ndani mna unga mweupe usiojaza hata ncha ya kijiko cha chai, na kibandiko cha ubavuni kinasema: kwa utafiti wa maabara pekee, si kwa matumizi ya binadamu.

Hivyo ndivyo wauzaji wa intaneti walioko ng'ambo wanavyoitangaza homoni ya kutengenezwa iitwayo TRH, ambayo kwa zaidi ya nusu karne imetumiwa na wanasayansi kuchunguza tezi ya thairoidi, ile tezi iliyokaa mbele ya koo mfano wa kipepeo. Aghalabu huuzwa katika orodha moja na peptidi nyingine nyingi zinazosifiwa kwamba hupunguza unene, huondoa uchovu, hukuza misuli na kurejesha ujana.

Mkazi wa Kilimani au Westlands aliye na simu na kadi ya benki huiona bidhaa hiyo sawia na anavyoiona mkazi wa London. Iwapo mzigo utapita forodhani katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, hilo hutegemea sana kile ambacho mtumaji ameandika juu ya sanduku.

Ajabu ni kwamba taasisi tatu zenye kauli kuhusu kichupa hicho ni majirani wa wateja wake watarajiwa. Bodi ya Dawa na Sumu (PPB) iko Lenana Road. Baraza la KMPDC, linalosimamia madaktari na hospitali, liko Woodlands Road, si mbali na hapo. Nayo tume ya NACOSTI, ambayo hutoa leseni za utafiti, iko Upper Kabete, kando ya Waiyaki Way. Zote zimo magharibi mwa jiji, katika mitaa ambako kliniki za urembo na za kupunguza uzito zimechipuka kama uyoga baada ya mvua.

Swali basi ni hili: neno "utafiti" lina maana gani nchini Kenya, na ni nani anayelilinda? Lipo na la pili, ambalo kwa maoni ya safu hii ndilo zito zaidi. Kwa nini mtu aliyechoka na kunenepa bila sababu afikirie kujidunga dutu ya maabara kabla hajapimwa damu?

Kondoo milioni tano

Historia ya homoni hii ni ya ushindani mkali. Katika miaka ya 1950 na 1960, Roger Guillemin, Mfaransa aliyehamia Marekani, na Andrew Schally, mzaliwa wa Poland, walishindana kutafuta kemikali ambayo ubongo huitumia kuiamuru tezi ya pituitari. Wengi katika fani yao waliamini kwamba kitu hicho hakipo.

Wawili hao walitegemea vichinjio. Schally alikusanya bongo za nguruwe, naye Guillemin akakusanya za kondoo. Guillemin mwenyewe alieleza baadaye kwamba maabara yake ilipitisha mikononi zaidi ya vipande milioni 5 vya ubongo wa kondoo. Katika awamu ya mwisho, kondoo 300,000 walitoa miligramu 1 tu ya homoni safi. Hiyo ni sawa na chembe chache za chumvi.

Mnamo 1969 makundi yote mawili yalitambua umbile lake. Ilikuwa ndogo kupita matarajio, asidi amino 3 zilizoungana. Tangu siku hiyo kondoo wakapumzika, kwa kuwa mkemia yeyote stadi aliweza kuiunda kwa vifaa vya kawaida vya maabara. Urahisi huo wa kuitengeneza, ambao ulikuwa neema kwa sayansi, ndio pia unaomwezesha mfanyabiashara wa leo kuiuza kwa gramu.

Guillemin na Schally walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mnamo 1977. Nusu nyingine ya tuzo hiyo ilimwendea Rosalyn Yalow, mwanafizikia wa New York, kwa njia aliyoivumbua pamoja na mwenzake Solomon Berson ya kupima homoni chache mno ndani ya damu. Wasomaji waweke jina la mama huyo akilini, maana kazi yake ndiyo ilikuja kuifanya kazi ya wanaume hao wawili isihitajike tena sana kliniki. Guillemin alifariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 100, naye Schally akamfuata Oktoba mwaka huo huo akiwa na miaka 97.

Barua za ofisi kuu

Utendakazi wa homoni hii ni rahisi kuufahamu kwa yeyote anayejua jinsi serikali inavyoendeshwa. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ni ofisi kuu. Huandika barua, ambayo ndiyo TRH, na kuituma kwa naibu, yaani tezi ya pituitari iliyoko chini yake. Naibu naye hutoa agizo lake, ambalo ni homoni ya TSH, na agizo hilo husafiri kwa damu hadi kiwandani shingoni. Kiwanda hutoa homoni za thairoidi, ambazo huamua kasi ya moyo, joto la mwili, matumizi ya chakula na, kwa mtoto mchanga, ukuaji wa ubongo.

Bidhaa zikijaa sokoni, ofisi kuu na naibu hupunguza maagizo. Zikipungua, wao hupaza sauti. Kwa hivyo mgonjwa ambaye kiwanda chake kimelegea huwa na TSH nyingi katika damu, na yule ambaye kiwanda chake kinazalisha kupita kiasi huwa na TSH ndogo mno.

Vipimo vya TSH vya miaka ya 1970 vilikuwa na kasoro moja kubwa. Viliweza kuonyesha kiwango kilichopanda, lakini havikuweza kutofautisha kiwango cha kawaida na kilichoshuka. Madaktari wakaitumia TRH kama mtego. Mgonjwa alitolewa damu, akadungwa kiasi kidogo cha TRH mshipani, kisha akatolewa damu tena baada ya dakika 20 au 30. TSH ikipanda kiasi, mambo ni shwari. Ikipanda kupindukia, kiwanda ni dhaifu. Isipopanda kabisa, ama kiwanda kinazalisha kupita kiasi na naibu amenyamaza, ama naibu mwenyewe ni mgonjwa.

Halikuwa jambo la kufurahisha kwa mgonjwa. Wengi walihisi kichefuchefu, uso kuwaka moto, ladha ya chuma mdomoni na haja ndogo ya ghafla. Shinikizo la damu huweza kupanda kwa muda mfupi. Aidha, kumeripotiwa visa vichache vya kuvuja damu ndani ya tezi ya pituitari kwa watu waliokuwa na uvimbe hapo. Ndiyo maana kipimo hicho kilifanyiwa hospitalini, mgonjwa akiwa amelala na muuguzi akiwa karibu.

Katika miaka ya 1980 vipimo vya TSH, vilivyotokana na njia ya Yalow, viliboreshwa hadi vikaweza kuona hata kiwango cha chini mno. Ikabainika kwamba tone moja la damu, bila sindano ya TRH, hujibu karibu maswali yote yale. Mtego ukawekwa kando. Siku hizi wataalamu huurejea katika mafumbo machache tu, kwa mfano wanapotaka kutenganisha uvimbe wa pituitari unaomwaga TSH na hali ambapo mwili unakataa kuitika homoni ya thairoidi.

Kwa njia ya mabano, mgonjwa anayepimwa sana kwa TRH duniani hivi leo ni farasi. Madaktari wa mifugo huitumia kugundua ugonjwa wa pituitari unaowapata farasi wazee, ule unaowaachia manyoya marefu yasiyopukutika. Farasi wanaokimbia katika uwanja wa Ngong Road ni vijana, na haielekei ugonjwa huo uwasumbue.

Kuna somo jingine la historia ambalo wauzaji hawalitaji. Watafiti waliwahi kutumaini kwamba TRH, ikidungwa kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, ingekomaza mapafu ya mtoto. Hoja ilikuwa na mantiki na majaribio ya awali yalitia moyo. Jaribio kubwa la Australia, lililochapishwa mnamo 1995, likaonyesha kwamba watoto hawakunufaika, na baadhi yao walipata madhara. Bila jaribio lile lililosimamiwa kwa utaratibu, huenda sindano hiyo ingekuwa desturi ya wodi za kujifungulia.

Lebo yenye maneno machache

Turejee Nairobi. Anayenunua TRH ili kuamsha tezi yake iliyolegea ananunua kisichoweza kumsaidia. Ikiwa kiwanda cha Industrial Area kimeungua, kuongeza barua kutoka Harambee House hakutaleta bidhaa. Mgonjwa wa namna hiyo tayari ana TSH tele katika damu, na tatizo lake haliko juu bali chini. Isitoshe, TRH ikidungwa huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache.

Naye mwenye tezi nzima anayetaka kupunguza uzito anacheza na moto. Hata levothairoksini, dawa halali ya kujaza upungufu wa homoni, huuzwa Marekani ikiwa na onyo kali kwamba isitumiwe kutibu unene, kwa sababu kipimo kikubwa huweza kuhatarisha maisha.

Kisha kuna kichupa chenyewe. Dutu iliyotengenezwa kwa ajili ya mirija ya maabara haikutengenezwa kwa masharti ya dawa ya sindano. Hakuna aliyehakikisha kwamba haina vijidudu, wala kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo, wala kwamba mabaki ya kemikali za kiwandani yameondolewa. Mnunuzi huchanganya unga na maji mwenyewe, akakisia kipimo kwa kusoma maelezo ya wanunuzi wenzake, kisha akajichoma jikoni.

Hofu hii si ya kubuni. Mnamo Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu dawa bandia za semaglutide, inayojulikana zaidi kwa jina Ozempic, zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa dawa iliyosajiliwa, yenye mwenye chapa anayeilinda, huweza kughushiwa hivyo, sembuse unga usio na mwenyewe? Mwaka mmoja kabla, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeziorodhesha peptidi kadhaa miongoni mwa dutu ambazo huenda zikahatarisha usalama zinapochanganywa na wafamasia kwa ajili ya wagonjwa.

Hapa kwetu, Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini jijini Nairobi, na KMPDC ikaamuru kliniki iliyohusika ifungwe. Kisa hicho hakikuhusu peptidi. Hata hivyo, kilifichua jinsi ukaguzi unavyokuja nyuma ya jeneza, na jinsi biashara ya umbo zuri ilivyowatangulia wasimamizi wake.

Sasa tuitazame ile lebo. Kenya ina maana ya utafiti, na maana hiyo ni nzito. Kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI. Akigusa binadamu, lazima apitie kamati ya maadili. Akitaka kujaribu dawa kwa binadamu, PPB pia huchunguza mpango wake kabla ya mtu wa kwanza kudungwa. Mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi au mtaalamu wa KEMRI, pale Mbagathi Way, anayehitaji TRH kwa ajili ya kuchunguza seli ana njia halali ya kuiagiza, na nchi yenye madhumuni ya kisayansi haina budi kumwachia njia hiyo wazi.

Kinachotokea ni kwamba mfanyabiashara hulikopa neno la mtafiti bila kubeba mzigo wake. PPB huweza kuambiwa kwamba hii si dawa, bali kemikali ya maabara. NACOSTI huweza kuambiwa kwamba hapa hakuna mradi wowote wa utafiti, bali mteja na bidhaa yake. KMPDC husimamia kliniki na madaktari, ilhali anayejidunga nyumbani si kliniki wala daktari. Kila ofisi ina kisingizio, na vyote ni vya kweli kwa kiasi fulani.

Kwa maoni yetu, kinachofaa kutazamwa ni matumizi. Dutu inayouzwa pamoja na sindano na maelezo ya kipimo cha kujidunga ni dawa, hata kibandiko kiandikwe nini. Na kwa kuwa kila mtafiti halali ana nambari ya leseni, forodha ingeweza kudai nambari hiyo kwa kila shehena ya peptidi inayotajwa kuwa ya utafiti. Asiye nayo aeleze ni maabara ipi anayoipelekea. Hatua hiyo haihitaji sheria mpya wala jengo jipya, bali ofisi tatu zilizo karibu hivyo kuzungumza.

Kilimani na Kawangware

Lakini msako peke yake hautoshi, kwa sababu mnunuzi wa kichupa mara nyingi si mpumbavu. Ni mtu aliyechoka. Amenenepa, nywele zinamdondoka, anahisi baridi hata mwezi wa Februari, na amekwisha kuambiwa kwamba ni mawazo, ni umri, au ni foleni za Ngong Road. Magonjwa ya thairoidi huwapata wanawake zaidi ya wanaume kwa mara kadhaa, na dalili zake hufanana na za maisha ya kawaida ya mwanamke wa mjini anayeamka alfajiri.

Ukitoka Lavington kuelekea Kawangware unaweza kutembea kwa miguu, lakini katika mambo ya vipimo ni safari ndefu. Mwenye bima ya mwajiri huingia maabara ya kibinafsi asubuhi na kupata matokeo ya TSH kwenye simu kabla ya jua kuchwa. Kwa mfua nguo anayesubiri kibarua cha siku, malipo ya kipimo hicho ni chakula cha nyumba nzima.

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, ziliwekwa chini ya Hazina ya Afya ya Msingi. Huko ndiko mama wa Kawangware au Kangemi huanzia. Kwa kawaida maabara za ngazi hizo zimeandaliwa kupima malaria, wingi wa damu, mkojo na virusi vya HIV. Mashine ya kupima homoni hupatikana hospitali kubwa. Mgonjwa hupewa barua ya rufaa, na barua hiyo mara nyingi huishia mkobani.

Ifahamike kwamba Kenya haijashindwa katika vita vyote vya tezi. Utafiti uliochapishwa mnamo 1970 katika jarida la East African Medical Journal ulionyesha jinsi rovu, ule uvimbe wa shingo unaotokana na ukosefu wa madini ya iodini, lilivyoenea katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mnamo 1978 Kenya ililazimisha iodini iongezwe katika chumvi. Uchunguzi wa kitaifa wa virutubisho wa mwaka wa 2011 ulikuta kwamba karibu kila nyumba inatumia chumvi hiyo. Ni mojawapo ya mafanikio makubwa ya afya ya umma nchini, na ni nadra kusikia mwanasiasa akijigamba nayo, labda kwa kuwa chumvi haikatwi utepe.

Ushindi huo umebadilisha aina ya kazi iliyosalia. Kinga ya mwili inayoishambulia tezi, tezi inayozalisha kupita kiasi, uvimbe unaoweza kuwa saratani, na tezi inayoyumba miezi michache baada ya kujifungua havitibiwi kwa chumvi. Vinahitaji damu ipimwe, ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8 dawa inapoanzishwa au kubadilishwa, kisha mara kwa mara maishani. Levothairoksini yenyewe imo katika orodha ya WHO ya dawa za lazima na si dawa ya kifahari. Bila kipimo, hata hivyo, daktari huitoa kama mtu anayetia chumvi mchuzini gizani.

Inambidi pia mgonjwa aelezwe mambo ambayo kichupa cha intaneti hakiyasemi. Kidonge humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, kabla ya chai ya maziwa, maana maziwa na vidonge vya madini ya chuma huzuia dawa kufyonzwa. Na wale wanaomeza vidonge vya biotini ili nywele na kucha zinawiri wamjulishe daktari. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mnamo 2017 kwamba biotini nyingi huvuruga vipimo vya maabara. Katika mashine nyingi huishusha TSH kwa uongo, mtu mwenye afya akaonekana ana tezi inayofanya kazi kupita kiasi.

Tone la damu kwenye karatasi

Aliye na hasara kubwa kuliko wote katika habari hii hawezi kununua chochote intanetini. Ni mtoto anayezaliwa bila tezi ya thairoidi, au akiwa na tezi isiyofanya kazi. Siku za kwanza huonekana mzima, kwa sababu ameishi kwa homoni ya mamake. Hulala sana, hulia kwa sauti nzito, hunyonya polepole, na jamaa humsifu kwamba ni mtoto mtulivu. Wakati dalili zinapodhihirika, ubongo umekwisha kudhurika, na hauponi.

Akitambuliwa na kuanzishiwa kidonge cha levothairoksini ndani ya wiki 2 za kwanza, hukua na kusoma kama wenzake. Mkoa wa Quebec nchini Canada ulianza kuwapima watoto wote wachanga mnamo 1974, kwa tone la damu la kisigino kwenye karatasi ya kuchujia. Mataifa tajiri yalifuata upesi. Kenya haina mpango wa kitaifa wa kumpima kila mtoto.

Makadirio ya kimataifa ni mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000. Nchini Kenya husajiliwa zaidi ya watoto milioni 1 kila mwaka. Tukichukua kadirio la chini kabisa, hesabu hutoa watoto 250 kwa mwaka. Hii ni hesabu ya karatasini, si matokeo ya uchunguzi wa wodini. Lakini hata ikipunguzwa kwa nusu, ni madarasa kadhaa ya watoto ambao wangeweza kusoma.

Wanaodai kwamba nchi haina uwezo wanafaa kukumbushwa kwamba kazi ngumu zaidi imekwisha kufanywa, ila kwa ugonjwa mwingine. Kwa miaka mingi sasa, watoto wa akina mama wenye HIV hutolewa damu, ikakaushwa kwenye kadi ya karatasi, ikasafirishwa kwa basi au kwa msafirishaji wa vifurushi hadi maabara kuu, zikiwemo za KEMRI. Wauguzi wamefunzwa kuchoma kisigino. Njia za kusafirisha kadi zipo. Mfumo wa kurudisha matokeo upo, hata kama huchelewa.

Tofauti kubwa ni muda. Mtoto wa thairoidi hawezi kungoja wiki sita, na akina mama wengi huruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya siku ya pili, wakati TSH ya mtoto bado imepanda kwa sababu ya kuzaliwa tu. Zipo nchi zilizokwepa tatizo hilo kwa kupima damu ya kitovu. Ni suala la utaratibu, na wataalamu wa kuliamua wapo. Tangu 2008 Nairobi imekuwa na kituo cha kuwafunza madaktari wa homoni za watoto, kilichoanzishwa kwa msaada wa chama cha wataalamu wa fani hiyo barani Ulaya, na madaktari kutoka nchi mbalimbali za Afrika wamepitia mafunzo hayo. Baadhi yao wamerejea kwao wakijua kutibu ugonjwa ambao hospitali zao hazina njia ya kuugundua mapema.

Kuanza na Nairobi hakungekuwa upendeleo. Hospitali za Kenyatta, Mbagathi na Pumwani huzalisha maelfu ya watoto, na umbali hadi maabara ya KEMRI ni mwendo wa pikipiki. Kaunti ingejua ndani ya mwaka mmoja ni watoto wangapi wanaogunduliwa, ni wangapi waliopotea kati ya wodi na nyumba kwa sababu nambari ya simu ilibadilika, na kila mtoto aliyeokolewa aligharimu pesa ngapi. Takwimu hizo ndizo ambazo SHA ingehitaji ili kukiweka kipimo hicho katika malipo ya uzazi, na ndizo ambazo Wizara ya Afya ingezibeba hadi Bungeni makadirio ya bajeti yanapojadiliwa.

Kwa sasa, atakayekuwa amejidunga TRH au peptidi nyingine yoyote na kuhisi moyo kwenda mbio, kichwa kuuma ghafla au macho kupoteza uwezo wa kuona pembeni, asingoje asubuhi. Aende hospitalini na kichupa chenyewe pamoja na karatasi kilichofungiwa. Baadaye, yeye au daktari wake anaweza kupeleka taarifa kwa PPB, ambayo hupokea ripoti za madhara ya dawa.